Kumtafuta Laurenti

Ngamiani, Barabara ya Tisa,
Tanga
14 Machi 1983

Mama Ernesti,

Baada ya salamu, nakuarifu kuwa nimefika Tanga salama na afya yangu ni njema. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na Mama, na mdogo wangu Laurenti. Ukimsomea Mama barua hii anza na shikamoo yangu kabla ya lolote, maana najua atauliza.

Huku joto halina adabu. Siku niliyofika niliomba blanketi kwa mazoea tu, wenye nyumba wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nimepata chumba cha uani kwa mjane mmoja anaitwa Bi Mwatumu binti Uweso. Ni mtu wa pwani hapahapa, anapika vitumbua na kuuza barazani, na anakaa na mpwa wake Nasra anayesoma sekondari. Aliniuliza natoka wapi, nikasema Kwesine, juu kule Mlola. Akasema, "Kumbe Msambaa. Basi hutaniibia, ila utanimalizia unga." Ni mtu wa maneno lakini moyo wake mweupe.

Kazi nimepata. Ni kiwanda cha sabuni. Bado mimi mgeni, nabeba na kupanga maboksi, lakini msimamizi ameona nina nguvu na amesema nivumilie. Kwa hiyo msiwe na wasiwasi. Kile kipande cha shamba tulichogawana na ndugu zangu kisingetulisha sote, na kahawa ndiyo hiyo, imekauka kwa ugonjwa. Nilifanya vizuri kushuka.

Ernesti asome. Mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Mumeo,
Noa Shemhilu


Kwesine,
20 Aprili 1983

Baba Ernesti,

Barua yako ilifika Jumapili, mwalimu mkuu akanipa baada ya ibada. Niliisoma jikoni, Mama akiwa kwenye kigoda chake, Laurenti mlangoni. Nilipofika kwenye kiwanda Mama alisema, "Hapo rudia." Nikarudia. Akasema, "Tena."

Sasa nisikilize na usicheke. Kijiji kizima kimesikia uko kwenye sabuni. Huku tunafulia majivu na majani ya mpapai, dukani kwa ushirika hakuna sabuni tangu Krismasi, na chumvi inakuja siku ikipenda. Wanawake wananisalimia mara mbilimbili siku hizi. Hata mke wa mchungaji ameniuliza Baba Ernesti atapanda lini. Tafadhali tutumie japo mche mmoja, nipate kumwogesha mtoto, ana upele.

Jambo la pili ni Laurenti. Yule binti wa Mtae aliyemchumbia, baba yake amesema hamtoi binti kwa mtu anayelima ukingo wa jiwe. Anataka mkwe mwenye kazi. Tangu barua yako ije Laurenti haongei kingine. Anasema, "Kaka yuko ndani, atanishika mkono." Ameshaazima begi. Niambie tumwachie au tumzuie.

Ukungu umeshuka wiki nzima, maharage yanaoza. Sisi tu wazima.

Mkeo,
Yuditi


Ngamiani, Tanga
16 Mei 1983

Mama Ernesti,

Salamu. Mimi mzima.

Sabuni haiwezekani kwa sasa. Wafanyakazi tunapekuliwa langoni, na hata kununua ni lazima uwe wa zamani. Waambie hao wanawake wanisamehe. Upele wa mtoto mpake mafuta ya nyonyo.

Maneno haya yanayofuata usimsomee Mama. Laurenti asije. Mzuie kwa njia yoyote. Mwambie nafasi zimefungwa, mwambie mji una kipindupindu, mwambie lolote. Kazi hapa si kama mnavyodhani. Siwezi kueleza yote kwa barua, nitaeleza nikipanda. Akae alime, mimi nikisimama vizuri nitamwita mwenyewe.

Umeelewa, mke wangu? Asije.

Mumeo,
Noa


Kwesine,
19 Juni 1983

Baba Ernesti,

Barua yako imenifikia leo. Basi la Mlola lilikosa dizeli, barua zote zilikaa Lushoto.

Laurenti aliondoka Alhamisi. Alishuka kwa miguu mpaka Mombo ili asingoje basi. Mama alimfungia mahindi ya kuchoma na maparachichi, na amevaa shati lake la kanisani. Sasa hivi atakuwa ameshafika kwako.

Ni kitu gani hicho usichoweza kueleza kwa barua?

Mkeo,
Yuditi


Ngamiani, Tanga
10 Julai 1983

Mama mpendwa shikamoo, na wewe Mama Ernesti,

Laurenti amefika na tuko pamoja. Ni mzima na anacheka kutwa. Maparachichi yalifika yamepondeka, Bi Mwatumu akayatia sukari kidogo aliyokuwa ameificha tukala hivyohivyo. Watu wa nyumba wanampenda Laurenti kuliko mimi. Jioni anaimba nyimbo za kwaya uani, Waislamu watupu wanamsikiliza, na Nasra ameshika ubeti mmoja wa Kisambaa bila kujua maana yake.

Nimemtafutia kazi mahali pamoja nami. Mama asiwe na shaka.

Mwanao na mumeo,
Noa

Na mimi Laurenti nasalimu! Mama, huku nazi zinaokotwa chini kama mawe. Shemeji, nitakuletea khanga. — L.


Ngamiani, Tanga
2 Oktoba 1983

Mama shikamoo, na Mama Ernesti,

Sisi ni wazima. Laurenti anawasalimu sana. Kazi zimekuwa nyingi kiwandani, amewekwa zamu tofauti na yangu, ndiyo sababu hakupata nafasi ya kuandika.

Nimepata mche mmoja wa sabuni. Nimempa dereva wa lori la kabichi, atauacha kwa mwalimu mkuu.

Noa


Kwesine,
8 Novemba 1983

Kwa Bibi Mwatumu binti Uweso,

Shikamoo, Bibi. Hunijui. Mimi ni Yuditi, mke wa Noa anayekaa uani kwako. Nimeandika jina lako juu ya bahasha na si lake, na naomba barua hii isipite mikononi mwake.

Noa ameandika mara mbili tangu shemeji yangu Laurenti aje huko. Anasema Laurenti hana nafasi ya kuandika. Bibi, Laurenti ni mtu anayeandika hata ukutani kwa mkaa. Alimwahidi mchumba wake barua kila mwezi, na tangu mwezi wa tisa binti hajapata hata moja. Mama mkwe wangu hajui kusoma, ila ameanza kuniuliza, "Mbona mkono wa Laurenti haumo?" Anaishika karatasi na kupapasa maandishi kwa kidole.

Nakuuliza kama mwanamke kwa mwanamke. Laurenti yuko wapi? Kama amekufa niambie. Kama yuko gerezani niambie. Nitajua la kufanya, au sitajua, lakini niambie.

Mimi mwanao,
Yuditi Shemhilu


Ngamiani, Tanga
4 Desemba 1983

Kwa mwanangu Yuditi,

Marahaba, mwanangu. Asalaam aleikum, na kama kwenu mnajibu vingine basi jibu kwa vyenu. Anayeshika kalamu ni Nasra, maneno ni yangu miye mwenyewe, na nimemwambia asipunguze wala asipambe.

Laurenti hakufa kwa tunavyojua. Alichukuliwa.

Nianze mwanzo ili usipotee. Mumeo hana kazi kiwandani wala hajapata kuwa nayo. Wiki za mwanzo alikuwa akisimama langoni na wenziwe, wakaambiwa malighafi hakuna, mashine zimelala. Anabeba mizigo soko la Mgandini, magunia ya nazi, matenga ya machungwa, chochote. Nilimwambia, "Noa, mwandikie mkeo." Akanijibu, "Nitamwandikia nikishapata." Kila Jumatatu alikuwa akirudi langoni kuuliza.

Alipokuja mdogo wake, asubuhi yake yule kijana alivaa shati lake jeupe akasema, "Kaka, nipeleke kiwandani." Noa akamwambia kweli yote hapo uani, na miye nakoroga unga nasikia. Nilidhani watashikana. Laurenti akacheka, akavua shati akalikunja. Akasema, "Basi tubebe wote." Ndivyo walivyoishi, na wallahi nyumba yangu ilikuwa na raha.

Mwezi wa tisa ukaingia msako. Nadhani hata huko mlimani mlisikia redioni. Kila asiye na kitambulisho cha kazi ni mzururaji, anapakiwa lori kupelekwa mashambani. Vijana wa hapa walilala juu ya dari, wengine kwenye mikoko. Asubuhi hiyo mafuta ya taa yaliniishia. Laurenti akasema, "Bibi, nipe chupa, ni hapo tu." Lori lilikuwa limesimama pembeni ya msikiti.

Nilisikia mgambo wakimwuliza, "Kitambulisho?"

Akasema, "Nakaa kwa Bi Mwatumu, nyumba ile. Kaka yangu yumo, muulizeni." Akaita, "Kaka Noa! Kaka Noa!"

Noa alikuwa nyuma ya mlango wangu. Alishika komeo. Miye nikamkamata mkanda kwa nyuma na nikamwambia, "Weye nawe huna karatasi. Ukitoka watawachukua wote wawili. Nani atabaki kumtafuta mwenziwe?" Akasema, "Bibi, niache, ananiita." Sikumwacha. Ana nguvu yule, angetaka angenitupa. Lakini hakunitupa. Tulisimama hivyo mpaka lori likawaka na sauti ikaenda nalo.

Tokea siku hiyo mumeo hali chakula kikashuka. Alikwenda kuuliza ofisi moja, akaambiwa waliochukuliwa wamepelekwa kuzalisha mali, aache kusumbua watu. Alikwenda mashamba ya mkonge ya huku karibu, akarudi hana jibu. Kuwaandikia kunamshinda, na mara nyingine anamwambia Nasra amtungie.

Mwanangu, ukimlaumu, changanya na mkono wangu.

Miye Mwatumu binti Uweso
kwa kalamu ya Nasra


Kwesine,
6 Januari 1984

Noa,

Najua. Usimwulize Bi Mwatumu kwa nini, mimi ndiye niliyemwuliza.

Sikukasirika kwa kukosa kazi. Nani ana kazi? Ungeniandikia "Mama Ernesti, nabeba magunia," ningesema Mungu akupe mgongo. Lakini ulijenga kiwanda kwa kalamu, mdogo wako akakiona kutoka huku juu akakifuata. Na alipokuita hukutoka.

Krismasi yote Mama alinitaka nisome. Nilisoma ile barua yako ya Oktoba, na ilipokwisha nikaendelea kusoma mahali ambapo hapana maandishi. Nikasema Laurenti amenenepa, nikasema anaimba kwenye kanisa la Tanga. Mama alitabasamu. Umenifanya na mimi kuwa kama wewe.

Mtafute. Nenda mashamba yote, uliza kila nyapara. Na usirudi bila Laurenti. Nisikuone kwenye njia ile ya kanisani unakuja peke yako, maana sijui nitamwambia nini mwanamke huyu. Usirudi bila Laurenti, Noa.

Yuditi


Bweni, ng'ambo ya mto, Pangani
11 Machi 1984

Mama Ernesti,

Neno lako nimelipata na nimelishika. Sina la kujitetea.

Nimeacha chumba kwa Bi Mwatumu, amesema kitaningoja. Nimevuka na pantoni mpaka ng'ambo hii ya Pangani kwa sababu mtu mmoja alisema malori ya Septemba yalielekea huku. Nimejiandikisha kukata mkonge ili wasinifukuze kambini. Miba yake ina sumu ya kuwasha, mikono yangu imevimba kama mikate, ndiyo sababu maandishi ni mabaya.

Lakini nina habari. Mpemba mmoja hapa kambini, jina lake Haji, aliniuliza namtafuta nani. Nikasema kijana wa Kisambaa, mrefu, ana pengo la jino la mbele. Akasema, "Yule anayeimba?" Nikakaa chini, Mama Ernesti. Nikamwuliza, "Yuko wapi?" Akasema, "Alikuwa kitanda kile pale. Aliumia mguu, jeraha likaoza, hakuweza kukata tena. Kabla ya Krismasi yenu walikuja kuchagua watu wa kuhamisha. Lori lilikwenda upande wa Morogoro."

Kile kitanda nimelala mimi sasa. Ukutani kuna jina lake kwa mkaa.

Wakinilipa naondoka kufuata lori hilo. Mama mwambie tuko kazini, wote wawili. Ukiandika, andika kwa Bi Mwatumu, mimi nitapita kwake au nitatuma mtu.

Mumeo, ukiniruhusu,
Noa


Kwesine,
3 Juni 1984

Baba Ernesti, Baba Ernesti,

Laurenti yuko nyumbani!

Alikuja juzi asubuhi. Nilikuwa napalilia na Ernesti, tukamwona mtu anapanda na fimbo, anapumzika kila baada ya jiwe. Ernesti akasema, "Mama, yule babu ni nani?" Nilimjua kwa pengo la jino alipofungua kinywa kusema hodi.

Hakufika Morogoro. Anasema lori liliharibika karibu na Segera, wakaambiwa washuke wasukume, naye akasukuma mpaka gizani akaingia msituni. Mzee mmoja Mzigua karibu na Korogwe alimficha bandani na kumtibu mguu kwa majani miezi yote hii. Mguu umepona vibaya, umekuwa mfupi. Mchumba wake ameolewa Pasaka. Nilipomwambia alisema "Vema" tu, basi.

Mama hakupiga kelele. Alimvua viatu, akamtazama mguu, akauosha. Kisha akaniambia, "Sasa soma na ile barua ya Noa, ile ya kweli." Kumbe siku zote alijua, Noa. Alijua natunga maneno. Nikamsomea kila barua kuanzia ya kwanza. Laurenti aliposikia kwamba uko Morogoro kwa ajili yake, alitoka nje.

Nilimwuliza kama ana kinyongo na wewe. Amesema, "Niliita ili atoke. Halafu lori lilipoondoka nikashukuru Mungu hakutoka." Nakuandikia kama alivyosema.

Rudi nyumbani. Lile neno nililoandika Januari nalifuta, lilikuwa la hasira, si la mke. Rudi hata mikono mitupu, hata bila nguo. Laurenti yuko nyumbani, mtafutaji ndiye anayekosekana.

Mkeo,
Yuditi


Ngamiani, Tanga
19 Agosti 1984

Mwanangu Yuditi,

Nasra alinisomea barua yako ya Juni ijapokuwa si yangu, Mwenyezi Mungu anisamehe, kwa sababu nilimwona ameifungua anailia. Tulipiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza nani kaozwa. Kisha tukaikunja tena, maana mwenye barua hayupo.

Noa hajapita hapa tokea Februari. Barua zako zote zimo kasha moja na khanga zangu. Nilimtuma mtu Bweni kumtafuta Haji. Haji kasema Noa alidandia lori la mkonge likaelekea Kilosa, na alipoulizwa atarudi lini alisema, "Nikimpata." Miye mwenyewe nilikwenda stendi, nikamwambia kila dereva wa Morogoro, "Mkiona Msambaa anauliza mdogo wake, mwambieni mdogo wake yuko kwao," na nikawatajia jina la mama yao na shamba lenu lilivyo. Wananiitika "Sawa, Bibi" huku wanafunga mizigo.

Chumba chake sijampangisha mtu.

Mwatumu binti Uweso


Kwesine,
24 Februari 1985

Kwa Msimamizi wa Shamba la Mkonge, Kilosa

Bwana,

Mimi ni Laurenti Shemhilu. Namtafuta kaka yangu Noa Shemhilu, Msambaa, mtu mfupi mwenye mabega mapana, mpole. Yeye ananitafuta mimi. Akiwepo katika kambi zako tafadhali umpe karatasi hii auone mwandiko wangu, anaujua.

Kaka, ni mimi. Nipo nyumbani. Rudi.

Laurenti


Ngamiani, Tanga
30 Oktoba 1985

Mwanangu Yuditi,

Salamu na pole kwa Mama kuugua. Barua ya Laurenti imerudi hapa kwangu, kwa sababu mliandika anwani yangu nyuma. Juu wameandika kwa kalamu nyekundu "Shamba halikutajwa." Kumbe Kilosa kuna mashamba mengi.

Huku dunia inageuka. Maduka ya Wahindi yamefunguliwa tena, sabuni zimejaa, za kijani, za waridi, zote za kutoka nje. Nguo za mitumba zinamwagwa chini sokoni, watu wanachagua kama viazi. Kile kiwanda alichokuwa akisimama Noa langoni kimefungwa kabisa, na wale waliokuwa na kazi kweli wanabeba mizigo Mgandini. Hakuna anayewaita wazururaji sasa. Hakuna anayewauliza kitu.

Nasra kaolewa Chumbageni, lakini anakuja kuniandikia. Bado namuuliza kila mpanda basi.

Mwatumu binti Uweso


Kwesine,
17 Agosti 1986

Bibi Mwatumu, shikamoo.

Mama mkwe tulimzika mwezi wa tano. Hakuumwa sana mwishoni, alichoka. Asante kwa ubani na maneno uliyotuma, niliyasoma mbele ya watu, wakashangaa Mwislamu wa mjini anamjua marehemu hivyo.

Naandika kwa sababu Noa ameonekana.

Kuna mtu wa kijiji cha pili, anaitwa Shekhe, ni jina tu, alikwenda kufanya kazi za mkonge huko Kilosa, amerudi wiki iliyopita. Alikuja kutupa pole ya msiba, akakaa, akawa haondoki. Nikajua ana neno. Nakuandikia alivyoniambia.

Alisema walikuwa kwenye foleni ya mwisho ya malipo, shamba linafungwa, akaona mtu mwenye mvi anapita mstari mzima akiuliza. Akamjua kwa sauti. Akamwita, "Noa! Noa wa Kwesine!" Noa akaja. Hawakusalimiana, akauliza palepale, "Umemwona Laurenti?"

Shekhe akasema, "Laurenti yuko nyumbani. Nimemwona kwa macho yangu. Anachechemea lakini yuko, analima."

Bibi, Shekhe anasema Noa alicheka. Akamwambia, "Kila kambi wananiambia hivyo. Wanyapara wote. Wakinichoka wanasema mdogo wako amerudi kwao, nenda zako. Kuna dereva mmoja hata alinitajia jina la mama yetu na shamba letu lilivyo."

Shekhe akaapa. Akamtajia jina la baba yake na la mchungaji. Noa akamshika bega kwa upole akasema, "Wewe ni mtu mwema, Shekhe. Wamekutuma wa nyumbani nisiendelee kuteseka. Lakini mke wangu aliniambia nisirudi bila yeye, na yule mwanamke hasemi kitu ambacho hakimaanishi."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie bado natafuta."

Kesho yake watu walitawanyika. Wengine walikwenda Turiani, wengine kwenye miwa ya Kilombero. Shekhe hajui Noa alielekea wapi. Aliponimalizia habari aliomba maji, akaomba na msamaha kama vile yeye ndiye mwenye kosa.

Basi sasa najua, Bibi. Yule dereva aliyetaja jina la Mama bila shaka ni mmoja wa wale wako wa stendi. Ujumbe wako ulifika, na wa Shekhe ulifika. Kinachomzuia ni karatasi yangu ya Januari, ile moja tu, ambayo basi halikukosa dizeli siku hiyo, ikaenda moja kwa moja mpaka mkononi mwake. Barua za kumwita zote ziko kwenye kasha lako.

Nilitaka nishuke mwenyewe nimfuate. Ndugu wa ukoo wamesema nikiacha shamba msimu huu watalichukua, na mtoto mdogo ana surua. Laurenti alifunga begi. Alifika mpaka kwa mwalimu mkuu, mguu ukagoma, watu wakamrudisha wamemshika huku na huku. Sasa amekaa mlangoni ananitazama ninavyokuandikia. Ameniuliza kama Kilombero ni mbali kuliko Tanga. Nimemwambia sijui.

Ameuliza tena, na mimi nimejibu hivyohivyo.

Wako,
Yuditi